Injini na Vitambaa Kumi na Saba

Dereva alisimama mbele ya cherehani ya marehemu mkewe, vidole kwenye kishikio cha droo, na mkono ukakataa kuvuta. Miezi minne droo ile haijafunguliwa. Nje uwanjani gari lilikuwa limeshafunguliwa boneti, na fundi alikuwa amemkanya asiguse waya hata mmoja kabla hajautia alama.

Akavuta. Droo ikatoka na harufu ya chaki na mafuta ya cherehani, naye akageuza uso kama mtu aliyerushiwa mchanga.

Mtaa mzima ulimwita Dereva. Miaka thelathini aliendesha lori la maji la manispaa, na alipostaafu lori lilibaki, jina akaondoka nalo. Kuendesha alijua. Kufungua injini hakuwahi. Kazini kwao dereva alishika usukani, fundi alishika spana, na kila mmoja alikaa upande wake wa boneti. Sasa ana miaka sitini na tisa, na amevuka upande.

Aliyemvusha alikuwa chumba cha pili, amelalia ubavu wa kushoto, mto katikati ya magoti. Ni binti yake wa pekee, na siku zake zilikuwa zimekaribia. Mimba ya kwanza, miaka miwili nyuma, uchungu ulimkuta kwa mumewe. Wakaita gari la kukodi. Likasema linakuja. Likasema liko njiani. Lilifika baada ya saa tatu nzima, na mtoto akazaliwa langoni mwa hospitali bila kulia. Tangu siku hiyo binti hakuliamini neno "linakuja". Aliposhika mimba nyingine mama yake alimwambia njoo ujifungulie kwetu, gari linalala mlangoni na dereva wake analala ndani. Ndipo akaja. Mwezi wa pili wa kukaa kwake mama akafa, usingizini, bila kuaga. Na wiki tatu zilizopita gari nalo likafa.

Nyumba yao ilikuwa ya mwisho kule mlimani. Mvua zimeila barabara mpaka imefanana na kinywa cha mzee, pengo hapa, jino pale. Magari ya kukodi yalifika darajani, yakatazama juu, yakageuza. Jirani mwenye gari huondoka alfajiri na kurudi jua limezama. Hospitalini walisema hawana vitanda vya kulaza watu wanaosubiri; aje uchungu ukianza, ila kwa yale yaliyompata, asichelewe hata kidogo. Mume wa binti alikuwa mbali kwenye kazi ya barabara, na likizo yake ni mwezi ujao. Yote yaliishia kwenye gari lile moja, chakavu, refu nyuma kama jeneza, lililosimama uwanjani na injini iliyonoki, vyuma vyake vimesagana ndani.

Kwa nini ilinoki Dereva alijua, na hakumwambia mtu. Kila Ijumaa asubuhi, kabla hajakaa kwenye cherehani, mkewe alikuwa akienda garini na kipande cha kitambaa. Anachomoa kijiti cha oili, anafuta, anarudisha, anachomoa tena, anasoma. Injini ilikuwa na mvujo wa nyuma. Kila wiki ilitaka kunyweshwa kidogo. Dereva akiwa kibarazani na kikombe chake cha chai humtania: leo mgonjwa wako ana joto kiasi gani, daktari? Mkewe huongeza oili na kufunga boneti. Alipokufa, Ijumaa zilikuja zikapita. Kumi, kumi na mbili, kumi na tano. Siku moja pale darajani ikasikika sauti kama kokoto ndani ya sufuria, halafu kimya. Watu walisema gari limezeeka. Akawaacha waseme.

Injini nyingine ilipatikana kwenye yadi ya magari yaliyogongwa. Wa kuifunga ndiye hakupatikana. Fundi wa mtaa, anayeitwa Fundi Kimya kwa kejeli kwa sababu tangu azaliwe hajanyamaza, alikuwa ameteleza kwenye shimo lake la kazi na kuvunja mkono wa kulia. Plasta kutoka vidoleni mpaka juu ya kiwiko.

"Vifaa vyangu chukua vyote," alimwambia. "Mikono utakuwa wewe, mdomo nitakuwa mimi. Ila Alhamisi mimi sipo, naenda mjini kutolewa hili plasta. Ukifika Alhamisi hujamaliza, mzee wangu, utamaliza na Mungu."

Hayo yalisemwa Jumapili. Jumatatu asubuhi vifaa vikaja na mkokoteni. Mabomba matatu marefu ya chuma ya kusimamisha pamoja, na winchi ya mnyororo ya kutundika kati yake. Jeki mbili, moja ikivuja. Vipande vya magogo ya mti mgumu vya kuweka chini ya gari, kwani Fundi alisema jeki ni ya kuinulia, atakayelala chini yake awe ameaga nyumbani. Sanduku la spana na soketi. Kipande cha bomba, urefu wa mkono, cha kuvisha kwenye mpini wa spana bolti inapogoma. Beseni la kukingia oili. Taa ya waya. Makopo matupu kumi ya kuwekea bolti, kila kopo na sehemu yake, na Fundi akaapa kwamba atakayechanganya makopo yale hatakuwa rafiki yake tena.

Spana namba kumi haikuwemo.

"Usiitafute," Fundi akasema. "Tangu nianze kazi sijawahi kukaa nayo wiki mbili. Nadhani zina kwao, na huwa zinarudi."

Akavuta kreti, akaketi, akapakata mkono wake wa plasta kama mtoto. Akaeleza jinsi ya kuanza. Toa betri kwanza. Mwaga maji ya rejeta, mwaga oili. Kisha nyaya na mipira yote inayoshikana na injini, na kila mmoja autie alama: aandike kwenye karatasi ya gundi, abandike. Dereva akaitikia kwa kichwa. Hakusema kwamba shule hakwenda, na kwamba akiandika "stata" leo, kesho hatajua ni nini. Tarakimu alizifahamu, lakini mikono imeshalowa mafuta, na wino na grisi havikai nyumba moja. Akasema anaingia ndani mara moja.

Ndivyo alivyofika kwenye droo.

Ndani mlikuwa na mabaki ya vitambaa, kila kimoja kimekunjwa na kufungwa uzi wa rangi yake. Mlikuwa na chaki ya fundi, bapa, ya buluu. Sumaku ndogo ya kuokotea sindano. Na spana ndogo ya kurekebisha, ambayo marehemu alikazia cherehani, ile ambayo mafundi wameipa jina lisilotamkwa mbele ya wakwe. Akaijaribu kwenye bolti ya namba kumi aliyokuwa nayo mfukoni. Ikakaa.

Akachukua vyote, haraka, kama mwizi.

Alichofanya kilikuwa rahisi. Kila kitambaa alikikata vipande viwili. Kimoja alikifunga kwenye ncha ya waya, na pacha wake alimfunga pale waya uliposhikana na injini. Nyekundu ya maua kwa stata. Kijani kwa mpira wa juu wa rejeta. Mistari kwa waya wa akseleta. Injini mpya ikija atawahamisha mapacha kutoka injini ya zamani, tundu kwa tundu, halafu kila kitambaa kitamtafuta mwenzake. Fundi Kimya alinyamaza karibu dakika nzima.

"Umesomea wapi hii?"

"Kwa fundi cherehani."

Alipomaliza alihesabu. Kumi na saba. Akarudia kimoyomoyo njia nzima ya kwenda bafuni kunawa: kumi na saba.

Kwa chaki ya buluu alichora pale boneti ilipokaa kwenye bawaba kabla ya kuivua, ili isirudi imepinda. Jumatatu ikaisha hivyo, na bolti za ekzosi zilizoganda kutu. Kila alipovisha bomba kwenye spana na kusukuma, alisikiliza dirisha la chumba cha pili. Binti akikohoa, anaacha. Akigeuka kitanda kikilia, anaacha.

Jumanne waliinua. Injini ya zamani ilitoka polepole, ikining'inia kwenye mnyororo, ikidondosha matone meusi. Dereva akivuta mnyororo, Fundi akielekeza kwa kidevu. Mabomba yakalia. Kwa kitambo injini ile ilikuwa hewani juu ya uwanja, na Dereva, aliyewahi kushusha lori la maji mlimani bila breki, akakaza mnyororo kwa mikono miwili. Wakailaza juu ya magunia.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa mlangoni amejishika kiuno. Alikuwa mpishi wa shule miaka mingi, na sauti yake ilizoea kuvuka ukumbi. Alihamia pale kumtunza binti wa dada yake, na tangu aje hakuficha kwamba haoni kichwa wala miguu ya kazi ile.

"Shemeji, uwanja umeugeuza machinjio," alisema. "Sasa huyo uliyemtoa moyo, una hakika utamrudishia?"

Dereva akainama kufungua mnyororo. Hilo ndilo swali alilokuwa akijiuliza yeye pia.

Mchana, walipoingia kula, shemeji alibaki nje akianua nguo. Dereva alimwona kwa dirisha ameinama juu ya injini ya zamani kwa muda mrefu. Alidhani anaishangaa.

Injini mpya, iliyokuja kwa mkokoteni, ilikuwa na mambo yake. Diski ya klachi ilitaka kukaa katikati barabara, la sivyo gia boksi haitaingia, na kifaa cha kuisawazishia Fundi hakuwa nacho. Wakachonga ncha ya mpini wa fagio, wakaizungushia kitambaa mpaka ikakaza. Shemeji akauliza sasa atafagia na nini. Fundi akamjibu afagie na mdomo, unatosha. Akafukuzwa uwanjani na taulo, plasta na yote, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi kicheko cha binti kilisikika ndani. Halafu kikakatika ghafla. Dereva akasimama na spana mkononi mpaka binti aliposema ni mtoto tu, amepiga teke.

Jumatano asubuhi bolti moja ilimponyoka ikatumbukia nyuma, kwenye pango la gia boksi. Ingebaki mle ndani ingesaga kila kitu. Akafunga sumaku ya sindano kwenye uzi mnene, akaishusha, akavua. Mara ya kwanza hakuna. Mara ya pili hakuna. Mara ya sita uzi ukawa mzito. Akaivuta juu bolti ile na kuikumbatia kifuani kama pesa iliyookotwa.

Saa nane mchana injini mpya ilikuwa kwenye gunia sambamba na ya zamani, na akawahamisha mapacha. Tundu kwa tundu. Alipomaliza alihesabu.

Kumi na sita.

Akahesabu tena kuanzia nyuma. Kumi na sita. Akatazama injini ya zamani: haikubaki na kitambaa hata kimoja. Akatazama chini ya magunia, akatikisa makopo. Hakuna.

Garini napo, kwenye ncha za nyaya, aliona kumi na sita. Basi pengine vilikuwa kumi na sita. Siku hizi kichwa chake hakikuwa cha kutegemea. Wiki iliyopita alitia chumvi kwenye chai. Mwezi uliopita aliandaa vikombe viwili kibarazani, akakaa, akasubiri. Na mtu aliyesahau oili wiki kumi na tano ana haki gani ya kubishana juu ya kitambaa kimoja?

Alimuuliza Fundi Kimya injini ya aina ile huwa na nyaya ngapi.

"Mzee, sijawahi kuzihesabu. Kila kilichotoka kirudi, basi." Akamtazama. "Vipi, kuna kinachokusumbua?"

"Hapana."

Waliinua injini, wakaishusha, wakaisukuma na mtaimbo mpaka ikaingia kwenye gia boksi na kulia klok, sauti tamu. Wakakaza. Jioni kila kitambaa alichokiona kilikuwa kimempata mwenzake. Fundi alimulika taa huku na huku, hakuona kinachoning'inia. Akabeba mkono wake akaenda zake. Kesho ilibaki kutia oili, maji, betri, kurudisha boneti, na kuwasha.

Alhamisi saa nne asubuhi Dereva alikuwa akimimina oili. Aliimimina taratibu, kwa faneli, bila kumwaga tone, kama mtu anayeomba radhi. Shemeji akatokea mlangoni. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomtisha.

"Maji yametoka, shemeji. Umeanza."

Akamaliza maji ya rejeta kwa ndoo. Akafunga betri. Boneti akaiacha imeegemea ukuta. Binti alikuwa ameshatolewa kibarazani, ameketi ngazini, mkoba wa hospitali miguuni, macho kwa baba yake. Alikuwa amejifunga khanga ya mama yake.

Dereva akaingia, akazungusha ufunguo.

Tak.

Akazungusha tena. Tak. Taa za dashibodi zikafifia. Kisha kutoka pale mbele, kwenye waya mwembamba wa akseleta, ukapanda uzi wa moshi.

Akaruka nje, akachomoa betri. Waya ulikuwa wa moto wa kuunguza kidole. Akasimama anautazama. Waya wa akseleta hauna umeme, huo ni wa kuvutia tu. Kwa nini uungue? Akapita nyaya zote tena kwa mkono. Nyekundu na nyekundu. Kijani na kijani. Mistari na mistari. Kila kimoja na pacha wake. Akampigia Fundi, simu imezimwa, yuko chumba cha plasta. Akapiga tena. Imezimwa.

Shemeji naye alikuwa na simu sikioni, akizunguka uwanjani, akibishana na mtu wa gari la kukodi kuhusu daraja. Akaikata.

"Anasema anakuja."

Binti akainua uso. Ulikuwa umelowa jasho, na rangi yote imeukimbia.

"Hilo nimeshalisikia, mama mdogo," alisema polepole.

Uchungu ukamshika tena. Akashika ukingo wa ngazi, akainama, na shemeji akapiga magoti mbele yake. Akaingiza mkono kifuani, akatoa kitambaa, akaanza kumfuta uso. Kitambaa kidogo, cha manjano, na ndege wa buluu. Kimefuliwa. Kimepigwa pasi. Pembeni kilikuwa bado na mkunjo wa fundo.

Dereva alikitazama kama mtu anayetazama sura aliyowahi kuiona na hakumbuki wapi. Kisha akakumbuka. Ndege wa buluu. Alikikata kwa meno kwa sababu mkasi ulikuwa mbali.

"Shemeji. Hicho umekitoa wapi?"

"Kitambaa ndicho unachouliza sasa?"

"Umekitoa wapi?"

Mkono wa shemeji ukasimama. Sauti yake, ile ya kuvuka ukumbi, ikawa ndogo. Akasema ni mabaki ya gauni. Dada yake alishona mawili siku moja, kitambaa kimoja, moja lake na moja la mdogo wake, na lake ndilo walilomzika nalo. Jumanne alikikuta kwenye ile injini, kwenye uchafu ule, kimefungwa kama tambara la kufutia miguu. Hakuweza kukiacha pale. Alikifungua. Hakujua kina kazi.

Dereva hakumlaumu. Moyoni hapakuwa na nafasi ya lawama. Palikuwa na namba moja tu, imewaka kama taa. Kumi na saba. Vilikuwa kumi na saba, na kichwa chake kilikuwa sahihi.

"Kilikuwa wapi? Njoo unionyeshe. Mahali penyewe."

Shemeji akakimbia, khanga ikifagia vumbi, mpaka kwenye injini ya zamani. Akaweka kidole nyuma kabisa, pale gia boksi ilipoungana, kwenye tundu la bolti moja lililojificha uvunguni.

Dereva akarudi garini, akalala juu ya injini mpya kwa tumbo, akaingiza mkono nyuma, gizani, mahali ambapo taa ya Fundi haikufika. Vidole vikagusa chuma. Vikagusa mpira. Vikagusa kitambaa.

Pacha. Na nyuma yake waya bapa, uliosukwa kama mkia, umeteleza chini na kujibanza ukutani mwa bodi. Waya wa athi, ule unaoshikanisha injini na bodi ya gari. Injini hukaa juu ya mipira. Bila waya huo, umeme unaoingia kwenye stata hauna njia ya kurudi, na ukitafuta njia utapita popote, hata kwenye waya wa akseleta. Hayo Fundi alimweleza baadaye, kwa saa nzima. Wakati ule Dereva alijua jambo moja: kuna tundu na kuna waya, na vilikuwa pamoja.

Bolti ilikuwa imo bado kwenye tundu, ya namba kumi. Akanyoosha mkono nyuma bila kutazama, na shemeji akamwekea kiganjani ile spana ndogo ya cherehani. Akakaza kwa kupapasa. Robo, robo, robo. Nyuma yake binti alikuwa akihema kwa kuhesabu kwa sauti, na hesabu zilikuwa zikifupika.

Akarudisha betri. Akaingia. Kabla hajazungusha ufunguo alifumba macho.

Injini ikakohoa, ikakohoa, ikashika.

Waliteremka mlima bila boneti. Injini iko wazi mbele yao, mikanda ikizunguka, moto ukiwapanda usoni. Binti alilala kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa mama yake mdogo, na kila shimo Dereva alilipita kama aliyebeba beseni lililojaa mpaka ukingoni. Hakusikia kingine isipokuwa injini. Pale darajani, palipokuwa na sauti ya kokoto mara ile, alikaza usukani. Walikuta gari la kukodi limesimama, dereva wake ametoka nje anatazama mlima. Aliwatazama wakipita, akatazama injini isiyo na kifuniko, akashika kichwa.

"Hilo ndilo lililokuwa linakuja," shemeji akasema dirishani.

Langoni mwa hospitali binti alifumba macho. Dereva alimwona kwenye kioo. Hakupunguza mwendo mpaka lango lilipobaki nyuma.

Kusubiri kulikuwa kurefu. Alikaa kwenye benchi na mikono yake ya grisi juu ya magoti, na shemeji pembeni yake, na baina yao mkoba. Muuguzi alitoka mara mbili, mara zote mbili si kwa ajili yao. Mara ya tatu mlango ulipofunguka, kilichotangulia kutoka hakikuwa muuguzi. Kilikuwa kilio, kikali, cha mtu aliyekasirishwa na kuamshwa. Muuguzi akasema ni msichana, na mama yake anaendelea vizuri, ila amepoteza damu kidogo, watakaa naye mpaka kesho. Dereva akafuta mikono kwenye suruali, mara mbili.

Kulipopambazuka bado walikuwa benchini. Walikuwa wameshamwona mtoto. Walikuwa wameongea na baba yake kwa simu, aliyelia huko aliko mpaka wenzake wakachukua simu. Sasa walibaki wawili, na Dereva akaona kama hatasema wakati ule hatasema tena.

"Gari halikuzeeka, shemeji. Mimi ndiye niliyeliua. Oili alikuwa akipima dada yako. Alipoondoka sikupima hata siku moja."

Shemeji hakumtazama. Alikaa akinyoosha khanga magotini, akiikunja, akiinyoosha. Dereva akasubiri ile sauti ya kuvuka ukumbi.

Haikuja. Shemeji aliingiza mkono kifuani, akatoa kitambaa cha manjano, akakikunjua mapajani, ndege wakatokea. Akakishika kidogo. Kisha akamwekea mkononi.

"Leo Ijumaa," akasema.

Dereva akainuka. Nje gari lilikuwa pale alipoliacha, wazi, umande juu ya injini. Akachomoa kijiti, akakifuta, akakirudisha. Mkewe hakuwahi kuamini kipimo cha kwanza. Akachomoa tena, akakiinua kwenye mwanga, akasoma.